Nilivyomwonea Wivu Mtoto Yesu

Wameanza kuuza matawi ya mtarakwa hapa sokoni Karatina, karibu na pale ninapouza njahi, yale maharage meusi. Wanayakata mbichi huko juu, wanayatupa chini kwa mafungu, na watu wa mjini wananunua wakapambe nyumba kwa Krismasi. Juzi mama mmoja alisimama kwangu amebeba tawi zima begani, utomvu bado unatoka. Alitaka debe moja la njahi. Mimi nikabaki nimeshika kipimo hewani. Harufu ile ilinipanda puani kama pilipili, na kabla sijajua ni nini, nilikuwa nimenuna. Yule mama akaniuliza kama nimeumwa. Sikuumwa. Ulikuwa ni wivu. Mwanamke wa umri wangu, magoti yanalia nikiinama, na bado namwonea wivu mtoto mchanga aliyelazwa kwenye nyasi.

Nimesema. Nilimwonea wivu Yesu. Kama kuna wa rika langu atakayeona hiyo ni dhambi, angoje kwanza nimalize. Mimi shule niliiacha darasa la tano, kwa hivyo nitaandika kama ninavyoongea, na majina nitayataja. Walionikosea walikuwa na majina, tena majina yenyewe yanasifiwa sana kwenye mazishi.

Kwetu kulikuwa kwenye mgongo mmoja wa kilima, penye majani chai, juu ya Nyeri, mahali pa baridi ambapo nguo zilikauka siku ya tatu. Boma lilikuwa la Shosho, yaani mama ya mama yangu, na jina lake lilikuwa Wangui. Mjomba wangu Kariuki alijenga upande wa juu na bibi yake. Mama yangu, Muthoni, alinizaa akiwa hapo kwao, bila mume, na sisi wawili tulikaa katika nyumba ya jikoni pamoja na kuni na mbuzi.

Sasa sikilizeni jambo la majina, maana hapo ndipo wivu wangu ulizaliwa. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu ni tamu. Binti wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama ya huyo mwanamume, na akishapewa, basi yule mama mzee amezaliwa tena. Huo si mfano wa kusema tu. Ni yeye. Na msichana akizaa akiwa kwao, mtoto wake anachukua majina ya hapo hapo nyumbani. Mimi nilitangulia. Mimi ndiye nilipaswa kuwa Wangui.

Lakini Kariuki alikuja hospitalini siku ile niliyozaliwa, akasimama miguuni pa kitanda bila hata kuvua kofia. Bibi yake alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Hilo jina ni la msichana wangu," akamwambia mama.

"Na kama utapata kijana?"

"Hata nikipata kijana. Mama yangu hawezi kuzaliwa mara ya pili kichakani."

Mama alinieleza kwamba Kariuki alipotoka, yeye alikaa na mimi mapajani bila kujua aniite nani. Kitanda cha pili kulikuwa na mwanamke wa kutoka Mwea ambaye mtoto wake hakulia. Mama akamwuliza anaitwa nani. Akasema Wambui. Nikapewa hilo. Jina la mtu nisiyemjua, aliyerudi kwao mikono mitupu. Na miezi mitatu baadaye Kariuki akapata msichana, Mungu akawa amesimama upande wake.

Ninyi mliolelewa na shosho zenu mnajua alivyofanya. Wangui akiumwa na tumbo, Shosho alikuwa analala chini. Wangui alipong'oka jino, Shosho alizunguka kwa majirani akifungua mdomo, "Ati jana nimeng'oka jino," na majirani wakampa pole bila kucheka. Kariuki mwenyewe akitaka kumwita binti yake ndani alisema, "Mama, toka kwa baridi." Mbuzi akichinjwa, figo zilikuwa za Wangui, mimi niliitwa nishike ngozi isiguse mavumbi. Nilimtazama akitafuna. Sikutaka figo. Nilitaka mtu azeeke halafu anitazame mimi na kusema, huyu ni mimi.

Kanisani nako tulikuwa watu wa mlangoni. Mama alikuwa ametengwa kwa ajili yangu, hakusogea meza ya Bwana, na mimi singebatizwa mpaka yeye asimame mbele ya wazee ataje dhambi na aliyeifanya naye. Mama alikuwa tayari kuitaja dhambi. Mtu hakumtaja. Kwa hivyo kila baada ya miezi mitatu karani wa wazee alisimama na daftari na kusoma waliotengwa, akifika kwetu alisema, "Muthoni wa Wangui, bado." Karani huyo alikuwa Ezekieli. Mrefu, koti jeusi mpaka magotini, sauti ya kutuliza ng'ombe. Alisema "bado" polepole, kama anayetuhurumia. Na watoto wenzangu walipobatizwa nilisimama kwenye benchi ili nione maji yakiwashukia. Nilikuwa naona wivu hata wa maji.

Basi mwaka huo nilikuwa na miaka tisa, na mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, Damari, akaanza kutufundisha Krismasi. Akasema Mungu mwenyewe alivaa mwili, akazaliwa mtoto mchanga. Wenzangu walishangaa. Mmoja akauliza Mungu aliingiaje ndani ya mtoto na yeye ni mkubwa. Mimi sikushangaa hata kidogo. Niliona hilo mbona ni jambo la kila siku, ni Shosho na Wangui. Mungu alikuwa amezeeka, akataka kuzaliwa tena, akampa mtoto jina lake. Halafu Damari akasema mtoto huyo hakuwa na baba hapa duniani, mama yake alijiwa na malaika tu. Hapo ndipo nilihisi jasho kwapani. Kwa sababu hilo nalo nililijua. Hiyo ilikuwa habari yangu mimi.

Nilienda nyumbani nikiwa nimevurugika. Yesu alikuwa Wangui na alikuwa mimi, vyote kwa pamoja. Alikosa baba kama mimi, lakini akapata jina la mzee kama Wangui. Mbona yeye alipewa vyote viwili? Wachungaji wa kondoo wakaja kumwona. Wazee wakatoka mbali wakamletea dhahabu. Mimi, nani alikuja? Kariuki na kofia yake. Na mama yake Yesu wanamwimbia, na wangu anaambiwa "bado". Nilimchukia huyo mtoto, nawaambia ukweli. Nilikuwa namchukia kama mtu anavyomchukia ndugu yake aliyepelekwa shule nzuri.

Kesho yake nilimfuata mama kwenye majani chai. Alikuwa akichumia watu, kikapu mgongoni, umande umemlowesha mpaka kifuani.

"Mama, na wewe malaika alikuja?"

Akaendelea kuchuma. "Malaika gani?"

"Wa kuniletea mimi. Wangui anasema sina baba. Mwalimu anasema ukikosa baba ni malaika alikuja."

Mikono yake ilisimama juu ya majani. Halafu akacheka, kicheko cha puani, hakikuwa na furaha.

"Eeh. Alikuja."

"Alikuwa na mabawa?"

"Alikuwa na baiskeli."

"Baiskeli?"

"Na koti refu. Na Biblia kwa kikapu. Sasa funga huo mdomo, chuma majani, jua litatupata hapa."

Sikuona ajabu yoyote. Miinuko yetu ilikuwa mikali, hata malaika angechoka. Nilichuma siku hiyo kuliko siku zote. Nilikuwa nimejua kitu ambacho Wangui hakujua.

Damari alipogawa watu wa maigizo, Wangui akawa Mariamu, nani mwingine. Alipewa leso ya buluu na mwanasesere wa vitambaa awe mtoto. Mimi niliomba kuwa mtoto Yesu. Walicheka mpaka Damari akashika mbavu. "Wambui, na hayo magoti yako yote, nani atakubeba?" Nikavishwa gunia, nikawa kondoo. Namtaja Damari kwa hilo, ingawa si kubwa. Kubwa lake linakuja.

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani, na matawi ya mtarakwa yamefungwa kila nguzo. Maigizo yalienda vizuri. Yakiisha, ilikuwa desturi karani asimame na mfuko wa switi awaulize watoto maswali. Ezekieli akasimama.

"Watoto, ni nani alizaliwa bila baba wa hapa duniani?"

"Yesuuu!"

"Na mwingine ni nani?"

"Hakunaaa!"

Nikasimama na gunia langu. "Mimi."

Kanisa likalipuka. "Kondoo ameongea!" mwanamume mmoja akasema nyuma, wakacheka upya. Ezekieli naye akatabasamu, akanionyesha benchi kwa kidole. "Keti, kondoo, utapewa switi."

"Si ati nataka switi. Mama ameniambia. Malaika alikuja hata kwake. Alikuja na baiskeli, na koti refu, na Biblia kwa kikapu."

Kicheko kilikatika kama uzi. Kwenye mgongo wetu wote baiskeli ilikuwa moja, na wakati ule ilikuwa imeegemezwa ukutani nje, usukani wake unaonekana dirishani. Wanawake wakaguna. Mimi nilidhani wameguna kwa sababu wameamini. Nilijaa, nikasimama wima, nikangoja wanijie.

Aliyeharibu ni Wangui. Yeye alikuwa Mariamu, na watu wote walikuwa wanamtazama kondoo. Akaruka kutoka kwenye kiti, akamshika mwanasesere kwa mguu, akamnyooshea Ezekieli.

"Muongo! Hakuna malaika! Baba yake ni huyo hapo. Baba yangu alimwambia mama jikoni, nilisikia!"

Nimeishi na siku hiyo miaka mingi, na mnajua kilichoniuma kwanza? Si kwamba malaika hakuwapo. Ni kwamba Wangui alikuwa na jina langu, alikuwa na Shosho wangu, na sasa kumbe hata baba yangu alikuwa naye, amemweka tu kama switi mfukoni, anamjua kabla yangu.

Kariuki alimbeba binti yake mlangoni huku amemziba mdomo. Kariuki alijua siku zote, ndiyo maana namtaja wa pili baada ya Ezekieli. Alijua, akanyamaza, na mtu aliyempendekeza awe mzee wa kanisa, kijana kuliko wazee wote, alikuwa Ezekieli. Aliuza dada yake apate kukaa benchi la mbele. Yuko hai, hasikii vizuri, na bado anakaa hapo hapo.

Wazee wakaita kikao Jumamosi iliyofuata. Siku mbili kabla, Kariuki aliniita kwenye zizi. Hakuwa ameniita popote tangu nizaliwe. Damari alikuwa naye, amenishikia mandazi kwa karatasi.

"Njoo, mtoto wa Muthoni," Kariuki akasema. "Unataka kubatizwa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwambie, mwalimu."

Damari akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Wambui, watoto huota, si kweli? Wazee wakikuuliza kama mama alikuambia hiyo maneno ya baiskeli, wewe sema uliota. Basi. Pasaka unabatizwa, na nguo nitakushonea mimi."

"Na Wangui?"

"Wangui amesema alidanganya," Kariuki akajibu. "Amechapwa, imeisha. Imebaki mdomo wako." Akanitazama kwa muda. Alikuwa mtu mwerevu, ule werevu wa kujua mahali mwenzako anaumwa. "Na utabatizwa Wangui. Jina la Shosho. Mimi nimekubali, Shosho amekubali."

Yale mandazi sikuyala. Nilienda nayo nyuma ya nyumba nikakaa nayo. Nilikuwa najiita kwa sauti ndogo. Wangui. Wangui. Niliita mara nyingi sana.

Chumba cha wazee kilinuka mafuta ya taa na makoti yaliyolowa. Walikuwa watano mezani, na aliyeshika kalamu na daftari, akiandika yote yanayosemwa, alikuwa Ezekieli mwenyewe. Hakuna aliyemwambia atoke. Shosho alikuwa pembeni kwenye kigoda, macho kwenye mikono yake. Mama alisimama katikati, na sijawahi kumwona amesimama vile, alikuwa kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Nimekaa kimya miaka tisa," akasema. "Nilikaa kimya kwa sababu aliniambia nikimtaja, mama yangu atatengwa pamoja na mimi. Sasa mtoto amesema mbele ya watu. Ezekieli, nitazame. Huyu msichana ni wako."

Kalamu ikaendelea kuandika.

"Muthoni," mwenyekiti akasema, "hayo umeyatunga juzi, baada ya aibu ya kanisani."

"Nilimwambia mtoto kabla. Kwa majani chai. Muulizeni."

Alisema "muulizeni" bila hofu hata kidogo. Alinigeukia na uso mwepesi, karibu atabasamu, kwa sababu kati ya watu wote wa chumba kile mimi ndiye ambaye mama alikuwa na hakika naye.

"Mtoto," mwenyekiti akaniita. "Mama yako alikuambia alijiwa na mtu wa baiskeli? Ama uliota?"

Nilimtazama Shosho. Nilitaka anitazame, angalau mara moja, nione kama ni kweli amekubali. Akainua macho. Akaniangalia vile alivyokuwa akimwangalia yule mwingine, au mimi niliona hivyo, mpaka leo sijui.

"Niliota," nikasema.

Nikasikia kalamu ikiandika. Ezekieli alikuwa na mwandiko wa haraka, halikuwa neno refu.

Mama hakulia, hakunipiga. Wazee wakasema amemsingizia mzee wa kanisa na atabaki ametengwa mpaka aombe msamaha mbele ya wote. Hakuomba. Aliishi miaka mingine ishirini na tatu na hakuomba. Ezekieli tulimzika kwa kwaya tatu na hema mbili, mchungaji akasema alikuwa baba wa wengi, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nimebeba masahani.

Kwa hivyo wa kwanza ni Ezekieli, wa pili Kariuki, wa tatu Damari, ambaye nguo aliishona kweli, nyeupe, ikanibana kwapani. Shosho sijui nimweke wapi. Wa tano mnamjua, ndiye anayewaandikia.

Pasaka ile ilinyesha. Mama hakuruhusiwa kuingia siku ya meza ya Bwana, akasimama nje dirishani, amejifunika gunia la mbolea kichwani. Ezekieli akasoma majina kwenye daftari, na alipofika kwangu hakusema "bado". Alisema, "Ruthi Wangui." Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyofikiri na yaliisha haraka. Niligeuka nione kama watu wananitazama. Walikuwa wanafungua vitabu vya nyimbo.

Ibada ilipoisha nilikimbia mbele ya wote nikasimama mlangoni, mahali Shosho lazima apite. Alipita amemshika Wangui mkono, yule wake. Akanigusa kichwa. "Wewe wa Muthoni," akasema, "umebatizwa vizuri," na wakashuka ngazi wawili, huyo na huyo, mwendo mmoja.

Nilibaki hapo mpaka mama akazunguka kutoka dirishani. Nilimngoja aniite Wambui. Nilikuwa nimeshaamua nitalia akiniita hivyo, na kwamba sitakasirika. Akavua leso yake, ile kavu ya ndani, akaanza kunipangusa nywele, nyuma ya masikio, shingoni, polepole, kama siku zote.

"Wangui," akasema. Jina lilitoka kinywani mwake bila kujikwaa, kama amelifanyia mazoezi. "Wangui, umelowa sana. Njoo twende."